Kwa Mtaliano wa mtaani, Malindi: safari hii nimeingia kwa mlango wa mbele

Mimi ni fundi wa friji. Kwa miaka 19 nimeingia jikoni mwa hoteli nyingi za Wataliano hapa Malindi, za barabara ya Lamu, za Casuarina, za kule Silversands, na zote nimeziingia kwa mlango wa nyuma, mkoba wa spana begani na mtungi wa gesi mkononi. Watu wakiniuliza, "Fundi, wapi pana chakula kizuri?" huwaambia wapi pana friji safi. Menyu yaweza kuandika "samaki wa leo" mwaka mzima. Friji haiwezi. Ukivuta mlango ukakuta ule mpira wa pembeni umeota ukungu mweusi, ukakuta kamba wamegandishwa wakayeyuka wakagandishwa tena mpaka wameshikana kama tofali, basi hata sahani ije imepambwa maua, wewe ushajua unachokula.

Sasa hapa naandika kuhusu mahali ambapo friji yake sijawahi kuishika. Nalisema mapema, nisije nikaambiwa nimehongwa spageti.

Kibao chake kimeliwa na chumvi ya bahari hata jina halisomeki, na sisi wa mtaani twapaita tu "kwa Mzee". Ukiacha barabara ya Lamu ukaingia ndani, upande usio wa bahari, utampita mama wa mahamri na mbaazi, utampita fundi cherehani mwenye redio, kisha utaona ukuta wa mawe na mwembe uliochungulia juu yake. Ndipo hapo. Meza tisa, paa la makuti, sakafu ya saruji nyekundu. Mlangoni hakuna askari.

Hili la askari nalitaja kwa sababu. Kuna hoteli moja ya ufuoni, sitaitaja, niliyompeleka mke wangu tulipotimiza miaka kumi ya ndoa. Nimevaa shati la kupigwa pasi, viatu vimeng'aa. Askari wa getini akanitazama, akatabasamu, akaniuliza, "Fundi, leo umeitwa na nani?" Hakuwa na ubaya, alikuwa ananijua. Lakini mke wangu aligeuka palepale akaita tuktuk, na usiku ule tulikula viazi karai barabarani.

Kwa msioijua Malindi, Wataliano hapa si wageni wa jana. Walikuja na mradi wa San Marco miaka ya 1960, wakaweka majukwaa yao baharini kule Ngomeni wakawa warusha roketi. Tarehe 12 Disemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, waliirusha setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Marehemu babangu alikuwa akiisimulia kana kwamba aliisukuma yeye kwa mkono. Roketi zilikoma 1988, lakini Wataliano walikuwa wameshaionja bahari. Wakaja watalii, wakaja wenye mahoteli, wakaja wastaafu wa kukaa mwaka mzima. Ndiyo maana muuza vinyago wa ufuoni ambaye Nairobi hajafika anaweza kubishana nawe bei kwa Kitaliano, na kijana wa Gede aliyeanza kwa kuosha masufuria leo anaweza kukupikia spageti za kaa ukanyamaza.

Na bado wengi wetu tumezijenga hoteli hizi, tumezifagia, tumezifulia mashuka, na kwenye viti vyake hatujakaa. Mamkubwa wangu, aliyefua nguo za villa moja mpaka vidole vikapinda, alikuwa hajaonja piza hadi Mei mwaka huu. Ana miaka sabini na ushei.

Nimekwenda mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa Februari, peke yangu, saa nane mchana, nimetoka kubadilisha kompresa mahali na jasho limenikaukia mgongoni. Niliagiza piza ya Margherita, shilingi 900, nikavuta kiti karibu na tanuri ingawa joto la kaskazi lilitosha. Sikuja kwa ajili ya kula peke yake, nilitaka kuona. Kuni ni mvinje, zimepangwa ukutani kwa unene. Madonge ya unga yamo kwenye friji ndogo ya mlango wa kioo, na kipimajoto cha nje kinasoma nyuzi 4, si 9 wala 11 kama nizionazo kwingine. Nilimuuliza mpishi unga unalala humo muda gani. "Siku mbili," akasema, bila kuinua kichwa. Kule Napoli wanaofuata desturi huuacha moto ufike nyuzi 430 na zaidi, na piza haimalizi dakika moja na nusu ndani. Hii yangu niliihesabu kwa saa ya mkononi: dakika mbili na sekunde chache. Si mbaya kwa tanuri lililojengwa na fundi wa hapa.

Ilipotoka, kingo zilikuwa zimevimba, zina madoa meusi kama chui, na ukizibonyeza zinarudi. Wale wenzangu waliobahatika kula mkate wa mofa uliobanduliwa ukutani mwa tanuri wataielewa ladha hiyo: ule uchungu mdogo wa kuungua unaotangulia, kisha utamu wa nafaka. Jibini ni kidogo, imewekwa kwa vipande, haijamwagwa ikawa blanketi. Sosi ni nyanya na chumvi, basi. Katikati palikuwa na maji maji nikalazimika kukunja. Baadaye niliambiwa ndivyo inavyotakiwa. Sawa, lakini shati ni langu.

Meza ya kona walikuwapo wazee wawili wa Kitaliano wakicheza karata, mmoja kavaa kikoi, mmoja kaptura, na kila akishinda mmoja anaipiga meza kwa kiganja kama anayeteka kete za bao. Hawakula chochote kwa muda wote niliokaa. Hakuna aliyewafukuza. Nikasema moyoni, hapa nitamleta Mamkubwa.

Ikanichukua miezi mitatu, kwa sababu Mamkubwa hatoki nyumbani kwa jambo asilolielewa. Tulikwenda Mei, Jumamosi, mchana: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka tisa, na yeye Mamkubwa kajifunga leso mpya ndani ya buibui. Masika yalikuwa yamepamba moto. Mwezi huo Malindi hulala. Wageni wamerudi kwao, na hoteli nyingi zinafunga madirisha mpaka Julai. Hapa hapafungwi kwa sababu wateja wake wengi ni majirani: wastaafu wanaoishi hapa hapa, walimu, mawakili wa mahakamani, vijana wa benki siku ya mshahara.

Kasoro ya kwanza tulikutana nayo kabla ya kukaa. Pale mlangoni pana vidato viwili virefu, havina pa kushika. Mamkubwa ana magoti. Tulimpandisha mimi huku, mke wangu huku, na mhudumu akakimbia kuleta kiti. Mfuko mmoja wa saruji ungemaliza shida hiyo.

Mhudumu ni dada wa Kigiriama, mwenye miwani, hana haraka. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa sauti ya chini lile swali ambalo kila Mwislamu aliyeingia kwa Mtaliano analijua. Kwingine nimejibiwa "hakuna, hakuna" na mtu ambaye hata jikoni hajatazama. Yeye aliweka kalamu chini.

"Kaka, ngoja nikwambie yote," akasema. "Spageti za nyama ya kusaga ni ng'ombe mtupu, lakini mpishi huitia mvinyo mwekundu, hiyo muiache. Carbonara ina shavu la nguruwe. Ya kaa huwa inatiwa mvinyo mweupe, ila hupikwa papo hapo, nikimwambia asitie hatii, na atachukua kikaango kingine. Piza sasa: sakafu ya tanuri ni moja, na za salami, soseji ya nguruwe, hupita palepale. Mkitaka, yenu itaokwa juu ya sinia safi, lakini chini haitakauka kama ile uliyokula wewe ile siku."

Alinikumbuka. Na ile keki yao ya tiramisù, akaongeza, ina pombe, msimwagizie mtoto. Kisha akaichukua menyu akapitisha kidole: "Kamba hakuna. Kusi limechafua bahari, wavuvi hawajatoka tangu juzi. Ngisi wapo lakini wa friza, sikufichi. Kaa wapo, wameletwa asubuhi kutoka Mida, bado wanatembea."

Nimekaa na watu wa hoteli miaka 19. Sijawahi kusikia mhudumu akisema neno "friza" mbele ya mteja bila kulazimishwa.

Tuliagiza Margherita ya sinia, spageti za kaa, changu wa kuchoma kwa ajili ya Mamkubwa, na kijana akasema yeye anataka spageti ya nyanya.

"Yangu mimi waitakia nini?" Mamkubwa akamuuliza, na meza ya jirani, kumbe wanasikia Kiswahili, wakacheka kuliko sisi.

Mamkubwa alikuwa na lake moyoni. Alipoona sahani ya tambi ikipita, alinisogelea. "Mwanangu, hizo si tambi?" Nikamwambia ndizo. "Mbona hazina zabibu?" Kwake yeye tambi ni zile za futari, za kukaangwa kwanza zikageuka rangi, kisha tui, sukari na iliki, zikakauka zikashikana. Nilimweleza kwamba hawa huzila kwa chumvi, na samaki. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama aliyesikia habari za wagonjwa.

Kutoka pale nilipokaa nilikuwa natazama moja kwa moja dirishani mwa jikoni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo penye kazi. Mpishi ni kijana wa Gede, sasa si kijana tena. Nilipomjua mimi alikuwa akiosha sahani kwenye hoteli fulani ambako nilikuwa naenda kujaza gesi chumba cha baridi. Alimvunja kaa akiwa mbichi, magando akayapasua kwa kisogo cha kisu, pigo moja moja, asije akasaga nyama na gamba. Mafuta ya zeituni kikaangoni, kitunguu saumu kizima kilichopondwa tu, pilipili kavu moja. Magamba yakaingia kwanza, yakakaanga mpaka harufu ikatufikia mezani, kisha nyanya ndogo zilizokatwa nusu. Pembeni sufuria kubwa inachemka, na maji yake, nilimwona, aliyaonja kwa kijiko kabla ya kutia tambi.

Sasa sikiliza. Sisi tambi tunazimwagia maji yake nje. Yeye alizitoa kabla hazijaiva, zingali ngumu, akazitupa kwenye kikaango cha kaa, kisha akachota upawa wa yale maji meupe yaliyochemshia tambi akaumwaga juu. Akaanza kurusha. Sosi iliyokuwa imekaa mbalimbali, mafuta huku, nyanya huku, ikashikana ikawa rojo moja linalong'aa na kuzing'ang'ania tambi. Hakuna krimu, hakuna unga. Ni wanga uliokuwa tayari ndani ya maji. Akaongeza upawa wa pili, akarusha tena, akaonja uzi mmoja, akazima moto. Mwisho akanyunyizia majani yanayofanana na dania lakini si dania.

Spageti za kaa ni shilingi 1,500 na ndizo za kuendea. Uzi wa tambi una kiini, unaukata kwa jino, hauyeyuki wenyewe. Utamu wa kaa umo katika rojo kuliko hata katika nyama. Nyama yenyewe si nyingi, na mtu mwenye njaa ya kazi atamaliza akiwa bado anatafuta sahani ya pili. Utalazimika kunyonya magando, kwa hiyo usiende na mtu unayemwonea haya. Mke wangu alifunga mtandio nyuma akaingia kazini.

Mamkubwa alionja uzi mmoja kutoka sahani ya mke wangu. Akanyamaza. Akaonja mwingine. Changu wake akamsukumia mjukuu. Sikusema kitu.

Piza ya sinia ilikuwa kama nilivyoambiwa: juu nzuri, chini laini, haina ule mkwaruzo. Hiyo si lawama, niliambiwa mapema nikachagua mwenyewe. Lakini kama mwenye nyumba anasoma: wateja Waislamu tuko wengi mtaani kwenu. Jiwe dogo la pembeni la kuokea zetu halitakumalizia hela. Kilichomshangaza Mamkubwa kwenye piza si jibini wala nini, ni yale majani. Alilitwaa jani moja akalisugua kwa vidole, akalinusa, akanitazama kama aliyegundua wizi.

"Hii si rehani?"

"Ndiyo rehani, mama."

"Rehani ya kutilia kikuba?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Subhanallah. Wanaila."

Kisha akalichomeka lile jani kwenye leso yake, kifuani, akaendelea kula.

Changu ndiye aliyetuangusha. Shilingi 1,300, ukubwa wake mzuri, lakini alikaa motoni kuliko inavyofaa, mkiani amekauka mpaka nyama inatoka kwa vumbi. Limau na mafuta ya zeituni havikumfufua. Kwa samaki wa kuchoma, mtu wa pwani hana sababu ya kuja hapa, kuna akina mama mtaani wanaomchoma vizuri zaidi kwa nusu ya bei, na ukwaju juu. Spageti ya nyanya ya mtoto, 800, haina la kusimulia isipokuwa kwamba sahani ilirudi imelambwa.

Na mnasubiri. Kutoka kuagiza hadi chakula kufika zilipita dakika 50, kwa sababu mpishi ni mmoja na msaidizi mmoja. Waliweka mkate mezani na mafuta, mtoto akashiba nusu kabla ya chakula. Mbu wa masika wapo chini ya meza. Omba dawa ya kuwasha, wanayo, hawaileti mpaka uombe. Komeo la choo limelegea, unashika mlango kwa mguu.

Tukaja kwenye gelato, 250 kwa kikombe, tukachukua vitatu: embe, chokoleti na ile ya karanga za kijani, pistachio. Hapa ulimi wangu ni wa kikazi, mnisamehe. Gelato haitunzwi baridi kama aiskrimu ya dukani. Ile ya dukani inakaa nyuzi 18 chini ya sifuri, hii hupakuliwa kwenye 12 hivi, nazo chini ya sifuri, ndiyo maana ni laini na ladha inakufikia upesi. Lakini kwa ajili hiyohiyo ni nyepesi kuharibika. Umeme ukikatika saa chache ikalegea, kisha umeme ukarudi ikaganda tena, maji yaliyomo hujitenga yakawa chenga. Haiwi sumu papo hapo, ila inakuwa ya mchanga. Embe ilikuwa hariri. Chokoleti nzuri. Pistachio, kijiko cha kwanza tu, nikasikia chenga katikati ya ulimi na kaakaa. Krr. Nikajua: hii ilikufa ikafufuliwa.

Mwenye nyumba alikuwa anapita, mzee wa Kitaliano, kandambili miguuni, taulo begani. Nikamwambia kwa utaratibu kwamba ile pistachio imeshawahi kuyeyuka. Wengi hapo hupandisha sauti. Yeye alichukua kijiko kisafi, akaonja, akasimama kimya, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Wewe nani?" Nikamwambia mimi fundi wa friji. Akacheka, akakaa chini mezani kwetu bila kukaribishwa, akaeleza kwamba Alhamisi umeme ulikwenda usiku kucha na jenereta ikagoma kwa saa mbili. Embe na chokoleti zilitengenezwa upya Ijumaa. Pistachio ni ghali, aliihurumia. "Kosa mimi," akasema, na kikombe kile hakukitia kwenye bili.

Bili sasa. Ilikuja imeandikwa kwa mkono, na chini yake kuna mstari: coperto, 150 kwa kila kichwa, vichwa vinne. Hii ni desturi ya kwao, unalipia meza na mkate hata kama mkate hukuugusa. Sina ugomvi na desturi ya mtu, lakini kwenye menyu imeandikwa ukurasa wa mwisho kabisa, herufi za sisimizi, na hatukuambiwa. Mke wangu, ambaye ndiye mhazini wa nyumba yetu, aliuliza kwa upole kama mtoto wa miaka tisa naye ana kichwa. Dada akacheka, akafuta 150. Tulimaliza kwa jumla ya shilingi 6,150, maji, soda mbili na kahawa yangu ndani yake, nikalipa kwa M-Pesa. Kwa familia ya fundi hizo si pesa za kila wiki. Ni za mara mbili kwa mwaka, na kwa siku hiyo sikuzijutia, isipokuwa za changu.

Tulipokuwa tunatoka, mpishi alitoka jikoni akijifuta mikono, akamwinamia Mamkubwa, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akamshika mkono hakuuachia, akamuuliza ni wa wapi, wa nani, mamake yuko hai. Alipojua wa Gede, na kwamba wanamfahamu mtu mmoja, wakazungumza Kigiriama hapo mlangoni robo saa huku piza ya mtu inaungua. Mwishowe akampa nasaha yake: "Baba, tambi zako nzuri. Zingetiwa tui."

Nasikia ameshajaribu. Sijaonja, siwezi kusema.

Mara ya tatu ilikuwa Julai, jioni, nimempeleka kijana kula gelato tu baada ya matokeo ya shule. Mji umeshaamka, meza zimejaa, Kitaliano kinaruka kila upande. Nikaomba pistachio kwa makusudi. Dada wa miwani akanitazama juu ya miwani: "Leo hakuna. Umeme ulikatika jana, Mzee ameimwaga yote." Tukala ya embe.

Mkienda: Jumatatu wamefunga. Jumapili mchana fikeni kabla ya saa saba au mtakaa mkiwatazama wengine. Ombeni meza za upande wa mwembe, pana upepo. Ile ya katikati, chini ya feni, iacheni. Feni ile inazunguka kwa kujikokota kwa sababu kapasita yake imekufa, ni kazi ya dakika kumi, nimewaambia mara mbili.